Joto ndani ya gari wakati wa baridi kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeingia garini alfajiri, kipimajoto kikiwa chini ya sifuri, anataka vitu viwili tu: vidole vishike usukani bila kuuma, na kioo kionyeshe barabara. Maswali ninayoulizwa kuhusu hita yananionyesha kwamba wengi hushindana na gari lao badala ya kulisaidia. Nimeyakusanya hapa. Lenye mambo mengi nimelipa nafasi, lililo jepesi nimelijibu kwa ufupi.

Mbona dakika za mwanzo hita inapuliza hewa baridi?

Kwa sababu hita ya gari la petroli au dizeli haizalishi joto. Inaliazima kwa injini. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo, ukubwa wake kama kitabu kinene, na maji ya injini hupita ndani ya mirija yake. Feni husukuma hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo, hewa ikachukua joto la maji na kukujia usoni. Maji yakiwa bado baridi hakuna cha kuchukuliwa, hata ukiifungulia feni mpaka mwisho.

Joto lenyewe lipo tele. Katika nishati ya mafuta yanayoungua ndani ya silinda, takribani theluthi moja tu ndiyo hufanya kazi ya kusukuma gari. Iliyobaki hutoka na moshi kwenye eksozi au huingia kwenye maji. Kinachokosekana asubuhi ni njia fupi ya kulifikisha joto hilo kwako.

Njia hiyo ina urefu gani hasa?

Tupige hesabu kidogo, maana ukiielewa hii mengine yote yanajieleza. Hewa iliyomo ndani ya gari la kawaida ni kama meta 3 za ujazo, na wakati wa baridi ina uzito wa kilo 4 hivi. Kuitoa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 20 kunahitaji kilojuli 120 tu. Hita ya umeme ya kilowati 1, nguvu ya pasi ya nguo, ingemaliza kazi hiyo kwa dakika mbili kama joto lake lote lingebaki ndani ya hewa.

Sasa tazama upande wa injini. Lita 6 za maji ya rejeta yenye glaikoli (kimiminika kinachozuia maji yasigande), kuzitoa kwenye baridi ileile hadi nyuzi 60, hula kilojuli 1,500 hivi. Ongeza injini ya kilo 100 za aluminiamu, unapita kilojuli 7,000. Yaani ili kupasha kilo nne za hewa, gari linalazimika kwanza kupasha chuma na maji kwa joto la zaidi ya mara hamsini ya lile unalolihitaji wewe.

Na hewa ikishapata joto, bado haijakaa. Vioo, viti na plastiki ya dashibodi huinyonya, huku hewa mpya inayoingia kutoka nje ikiisukuma nje ile iliyokwisha kupashwa. Ndiyo maana unaweza kuhisi uvuguvugu usoni na mgongo bado unaganda kwenye kiti.

Kifaa chochote kinachojisifu kupasha gari haraka, kipime kwa swali hili: kinaukwepa vipi mzigo ule wa chuma?

Magari mapya yanafanya nini ambacho ya zamani hayakufanya?

Kwanza, kuna jambo la kushangaza: kazi imekuwa ngumu zaidi, si rahisi. Injini za siku hizi hupoteza joto kidogo kuliko za zamani, na lile lililokuwa likipotea ndilo lililokuwa likitupasha. Kwa hiyo wahandisi wamelazimika kulilinda kila tone.

Thamostati ni ya siku nyingi. Ni kijilango chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa ya mbele, maji yakazunguka kwenye injini na hita peke yake. Nta ikiyeyuka na kutanuka, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 95, kijilango kinafunguka. Kipya ni kwamba injini nyingi sasa huenda mbali zaidi. Baadhi zina pampu ya maji ya umeme, au vali, inayoyasimamisha maji kabisa mwanzoni ili sehemu iliyo karibu na moto ipate joto upesi kabla ya kuligawa. Nyingine zimeunganisha mwanzo wa eksozi ndani ya silindaheda, yaani kifuniko cha juu cha silinda, maji yakazunguka pale pale moshi unapotoka ukiwa mkali kabisa. Hiyo mimi naiona kuwa kazi ya akili sana, kwa sababu inaokota joto lililokuwa likitupwa nje mbele ya macho yetu.

Kuna pia vibao vinavyofunga tundu za grili ya mbele ili upepo wa safari usiipoze injini. Na ukiwasha gari baridi, kompyuta hupandisha mzunguko wa injini na kuchelewesha cheche kidogo. Lengo kuu la kufanya hivyo ni kuipasha katalisti inayosafisha moshi, lakini abiria naye hufaidika.

Hita ya kauri ni nini?

Ni njia ya kuiruka injini kabisa. Ni vipande vya kauri vyenye bariamu titaneti, vilivyowekwa kwenye mkondo wa hewa baada ya rejeta ya hita. Umeme ukipita, vinapata joto ndani ya sekunde chache. Uzuri wake uko kwenye tabia ya kauri hiyo: ikifika joto fulani, ukinzani wake wa umeme hupanda ghafla, umeme unaopita ukapungua wenyewe. Hata feni ikizimika, haiendelei kuwa moto mpaka iunguze plastiki kama waya wa kawaida ungefanya.

Kwenye magari ya mfumo wa volti 12, hita hizi huwa na nguvu ya kilowati 1 hivi. Ukikumbuka hesabu yetu ya mwanzo utaona kwa nini kiasi hicho kidogo kinaleta tofauti kubwa kiasi hicho. Hakiwezi kushikilia joto la gari zima barabarani, ila kinaziba pengo la zile dakika za mwanzo mpaka maji yaje.

Gari langu ni la dizeli. Mbona linachelewa kuliko la petroli?

Dizeli hutumia mafuta yake vizuri zaidi, hasa injini ikiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo joto linalobaki kwenda kwenye maji ni dogo. Ikiachwa inanguruma tu bila gari kwenda, katika baridi kali inaweza isifikie joto lake la kawaida hata kidogo. Ndiyo sababu magari mengi ya dizeli yanayouzwa nchi za baridi hutoka kiwandani yakiwa na hita ya kauri au hita ndogo inayochoma mafuta.

Nawasha hita ya otomatiki, feni inanong'ona tu. Imeharibika?

Hapana. Mfumo wa otomatiki husoma joto la maji, na hauoni faida ya kukupulizia upepo wa baridi usoni. Unasubiri, ukielekeza kile kidogo kwenye kioo, kisha unapandisha feni kadiri maji yanavyopata joto. Uache ufanye kazi yake. Watu wengi hubonyeza feni kwa nguvu kwa hasira, wakajipoza wenyewe na kuipokonya rejeta ndogo joto kabla halijakusanyika.

Nikiweka kipimo cha juu kabisa, joto litakuja mapema?

La. Kipimo ni mahali pa kufika, si mwendo wa kufikia. Mfumo wa otomatiki uliowekwa nyuzi 21 utatumia nguvu zake zote mpaka ukaribie hapo, sawasawa na uliowekwa 28.

Niwashe injini nisubiri ipate joto kabla ya kuondoka?

Safisha vioo vyote, subiri nusu dakika au dakika moja oili izunguke, kisha ondoka kwa upole. Injini isiyobeba mzigo huchoma mafuta kidogo, kwa hiyo hutoa joto kidogo. Unaweza kukaa robo saa na mshale wa joto usiondoke chini. Ukitembea bila kukanyaga sana, injini inafanya kazi na maji yanapata joto mapema. Tena kusubiri kwa muda mrefu huacha petroli isiyoungua vizuri iteremke kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili.

Usiifanye kazi hii ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Nitaeleza sababu mwishoni.

Kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani nikitumie?

Kitumie, lakini kwa muda mfupi. Kwa kuizungusha hewa iliyokwisha kupata joto, hita haianzi upya na hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri kila mara, na utaona tofauti ndani ya dakika chache. Tatizo ni pumzi zetu. Kila anayepumua anatoa mvuke, na viatu vyenye theluji vinaongeza, mvuke huo wote ukaishia kwenye kioo baridi kama ukungu. Magari mengi mapya yana sensa ya unyevu karibu na kioo cha mbele, na yenyewe hufungua hewa ya nje hatari ikikaribia. Kama lako halina, ukiona ukungu unaanza pembeni mwa kioo, fungua hewa ya nje mara moja.

Kwa nini kiyoyozi kinawaka nikibonyeza kitufe cha kuondoa ukungu?

Kwa sababu kinakausha hewa. Hewa hupita kwanza kwenye sehemu baridi ya kiyoyozi, unyevu ukageuka kuwa matone na kudondoka nje, kisha hupita kwenye hita na kutoka ikiwa kavu na yenye joto. Hewa ya namna hiyo hufuta ukungu haraka kuliko hewa moto peke yake. Baridi ikizidi sana, mifumo mingi huizuia kompresa, yaani pampu inayoikandamiza gesi ya kiyoyozi, isiwake ili kuilinda, na wakati huo hewa ya nje huwa kavu kiasi cha kutosha.

Kiti na usukani wenye joto vinasaidia kweli au ni anasa?

Vinasaidia kuliko kitu chochote kingine kwa umeme unaotumika. Waya zilizoshonwa ndani ya kiti hutumia wati 50 hadi 100 hivi, na joto lake huingia mwilini moja kwa moja bila kupitia hewa. Cadillac ilitoa viti vya joto kama nyongeza ya kulipia kwenye magari yake ya 1966. Miaka michache baadaye Saab ya Uswidi ikaviweka kama kitu cha kawaida cha dereva. Wakati ule vilionekana kama starehe. Leo, katika gari la umeme ambapo kila wati huhesabiwa, kuwasha kiti na usukani na kushusha joto la hewa nyuzi mbili tatu ni njia ya busara ya kulinda masafa, yaani umbali gari linaoweza kwenda kwa chaji moja. Mimi humwambia kila anayeniuliza aanze na kiti.

Na kioo cha mbele?

Mwaka 1985 Ford ilianza kuuza Ulaya kioo cha mbele chenye nyaya nyembamba mno, zilizolazwa katikati ya matabaka mawili ya kioo. Barafu huyeyuka kwa dakika chache bila kusubiri maji ya injini. Kioo cha nyuma chenye mistari ni cha zamani zaidi na karibu kila gari linacho. Vyote viwili hula umeme mwingi, kwa hiyo hujizima vyenyewe baada ya muda.

Kama huna kioo cha namna hiyo, tumia kikwaruzio cha plastiki au dawa ya kuyeyusha barafu. Kamwe usimwage maji ya moto. Nimesimama kando nikaona kioo kikichanika kuanzia kwenye alama ndogo ya jiwe hadi ukingoni, kwa birika moja tu. Na usiendeshe ukiwa umekwaruza kijitundu cha kuchungulia. Mtoto anayevuka barabara haonekani kwenye tundu hilo.

Gari la umeme halina injini ya moto. Joto linatoka wapi?

Mota ya umeme hupoteza nishati kidogo sana, kwa hiyo hakuna joto la kuazima la kutosha. Magari ya kwanza yalitegemea hita ya kauri ya volti kubwa, yenye kilowati 5 hadi 7. Kwa upande wa kasi hakuna linaloishinda: hakuna chuma cha kupasha kwanza, na ndani ya dakika moja au mbili umeshahisi joto. Gharama yake ni masafa, maana kila kilowati inatoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu, na foleni ikiwa ndefu hita inaweza kula zaidi kuliko mwendo wenyewe.

Ndipo ikaja pampu ya joto. Ni kiyoyozi kilichogeuzwa: badala ya kuchukua joto ndani na kulitupa nje, kinalichukua nje na kulileta ndani. Watu huniuliza joto gani linapatikana kwenye hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Lipo, kwa sababu gesi inayotumika huchemka kwenye baridi kali zaidi. Ile iitwayo R-134a, kwa mfano, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwa gesi hiyo, hewa inayotugandisha sisi ni jiko. Ikishanyonya joto hilo, kompresa huikandamiza, joto lake likapanda, ikalitoa ndani ya gari. Kwa baridi ya wastani, umeme wa kilowati 1 huleta joto la kilowati 2 au 3.

Renault Zoe ilikuwa nayo tangu 2012, Nissan Leaf ikaipata kwenye toleo la 2013, na Tesla ikaanza kuitumia kwenye Model Y mwaka 2020. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo faida inavyopungua, na sehemu ya nje huweza kufunikwa na barafu. Kwa hiyo magari mengi hubaki na hita ya kauri pembeni kama msaidizi, au huokota joto la mota na la vifaa vya umeme. Baadhi hutumia kaboni dayoksaidi kama gesi ya kupozea, ambayo hustahimili baridi kali vizuri zaidi.

Lakini ushauri wangu mkubwa kwa mwenye gari la umeme hauhusu kifaa. Liwashe joto gari likiwa bado limechomekwa kwenye chaji, kupitia programu ya simu au kwa kupanga saa. Umeme wa ukutani unapasha viti, vioo na betri, na wewe unaondoka na betri iliyojaa.

Na magari mseto?

Haya, yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, yana shida yake: injini huzimika mara kwa mara, na hita hupoa nayo. Toyota ilijaribu jambo zuri kwenye Prius ya kizazi cha pili iliyouzwa Marekani ya Kaskazini. Iliweka chupa kubwa ya thamosi iliyohifadhi maji ya moto ya injini kwa hadi siku tatu, na kuyarudisha kwenye injini kabla haijawaka. Lengo lilikuwa moshi safi. Kizazi cha tatu kikaiacha chupa na kuchukua kifaa kinachookota joto la eksozi na kulipeleka kwenye maji. Sikuacha kuipenda ile chupa.

Kuna njia ya kulikuta gari la petroli au dizeli tayari lina joto?

Zipo mbili zilizothibitika. Ya kwanza ni hita ya kuchoma mafuta, ya aina inayotengenezwa na Webasto na Eberspächer za Ujerumani. Ni tanuri dogo lenye nguvu ya kilowati 5 hivi linalochukua mafuta ya tangi lenyewe na kupasha maji injini ikiwa imezimwa. Hutumia zaidi kidogo ya nusu lita kwa saa. Ya pili ni hita ya injini inayochomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alipata hataza ya hita ya namna hiyo mwaka 1949, na hadi leo Kanada na nchi za Skandinavia kuna maegesho yenye soketi kwa ajili yake. Hii hulinda injini pia, kwani oili haianzi ikiwa nzito kama asali.

Nikizima hita nitaokoa mafuta?

Kwenye gari la petroli, kidogo mno. Joto lile lingetupwa. Kwenye la umeme, ndiyo.

Nimeendesha nusu saa na bado hewa ni vuguvugu. Shida iko wapi?

Anza na kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa kabisa. Yakipungua, rejeta ya hita mara nyingi ndiyo ya kwanza kukosa. Kama yapo ya kutosha, tazama mshale wa joto: ukikaa chini safari nzima, na ukishuka zaidi kwenye barabara kuu, thamostati imekwama ikiwa wazi. Ni kifaa cha bei ndogo na watu huteseka nacho majira yote ya baridi.

Mshale ukiwa sawa na hewa bado baridi, gusa mabomba mawili yanayoingia kwenye hita, kwa uangalifu. Moja likiwa moto na jingine baridi, maji hayapiti: rejeta imeziba kwa kutu, au kuna hewa iliyonaswa baada ya maji kubadilishwa. Yote mawili yakiwa moto, tatizo liko kwenye kijilango cha kuchanganya hewa ndani ya dashibodi, au kwenye mota yake ndogo. Kugonga tik-tik kila unapobadilisha kipimo ni dalili yake. Upepo ukiwa mdogo, kagua chujio la hewa ya ndani kwanza.

Ukisikia harufu tamu na kioo kikapata utando wa mafuta, rejeta ya hita inavuja glaikoli. Glaikoli ni sumu, hivyo usiahirishe.

Nimekwama kwenye theluji. Naweza kuwasha injini nipate joto usiku?

Unaweza, kwa utaratibu. Toka kwanza uondoe theluji kuzunguka bomba la eksozi, na urudie kila inapoanguka zaidi. Bomba likizibwa, moshi hupenya chini ya gari na kuingia ndani ukiwa na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi asiamke. Washa kwa dakika kumi hivi kila saa, ukiwa umefungua dirisha kidogo upande usiopigwa na upepo, kisha zima. Kichwa kikianza kuuma au mwenzako akianza kusinzia kupita kawaida, zima injini, fungua milango, na utoke nje hata kama baridi inakata.

Kwa gari la umeme hatari hiyo haipo. Washa kiti, shusha joto la hewa, na betri iliyojaa inaweza kukuvusha usiku mzima.